Roboti ya maabara au saa zaidi za hadubini? Naomba ushauri kuhusu mradi wa chembe nano za dhahabu

chembe_nyekundu

Hamjambo wataalamu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika kemia hapa Nairobi. Utafiti wangu unahusu vipande vya karatasi vya kupimia aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, katika mahindi, vile ambavyo mkulima anaweza kuvisoma kwa macho baada ya dakika chache. Mimi natoka Makueni, na miongoni mwa familia zilizofiwa mwaka wa 2004, sumu hiyo ilipoua watu 125 nchini, wamo majirani zetu, kwa hiyo kazi hii naichukulia kwa uzito.

Rangi ya vipande hivyo hutokana na chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 15 hadi 20 hivi. Nazitengeneza kwa njia ya Turkevich ya mwaka wa 1951: chumvi ya dhahabu huchemshwa katika maji, sitreti ya sodiamu hutiwa, na kimiminika hutoka kwenye manjano hafifu, kikawa hakina rangi, kisha kikaingia buluu iliyokolea, zambarau, na mwisho wekundu wa divai. Tatizo ni kwamba utengenezaji wa kwanza ulinipa nanomita 17 na wa tatu ukanipa 24, ilhali naamini nilifuata hatua zile zile.

Hatuna hadubini ya elektroni. Tunakodisha saa katika taasisi nyingine, na foleni yake huchukua wiki tatu au zaidi. Mara ya mwisho nilikwenda na gridi tano (vichujio vidogo vya waya vinavyobeba sampuli ndani ya hadubini), na tatu kati ya hizo hazikufaa kitu: moja ilikuwa imejaa fuwele nyeupe, na mbili zilionyesha marundo ya chembe zilizoshikamana. Sasa msimamizi wangu amepata ruzuku ndogo na anafikiria kununua roboti ya pipeti (mrija wa kupimia vimiminika) inayojaza sahani ya visima 96, ili tutengeneze sampuli nyingi kwa siku moja. Je, fedha hizo ziende kwenye roboti, au tuzitumie kulipia saa zaidi za hadubini?

mlinzi_wa_ombwe

Dada, nimesimamia hadubini ya pamoja kwa miaka kadhaa, na gridi zilizoharibika kama zako nimeziona mara nyingi kuliko nzuri. Fuwele ulizoziona, kwa dhana yangu, ni sitreti iliyobaki na kukauka juu ya gridi. Zungusha sampuli katika mashinepewa (mashine ya kuzungusha kwa kasi hadi chembe zitue chini), mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia mara moja, kisha ndipo udondoshe tone moja. Tone hilo lisiachwe likauke lenyewe kwa saa nzima, kwa sababu maji yanapopungua huzikokota chembe pamoja, na marundo unayoyaona chini ya hadubini huenda hayakuwamo kabisa katika chupa yako. Baada ya dakika moja au mbili linyonye kwa ncha ya karatasi ya kuchujia.

Kabla ya kuomba nafasi, pima kila sampuli kwa spektrofotomita, kifaa kinachoonyesha mwanga unaofyonzwa. Chembe za dhahabu za ukubwa unaoutaka hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 520. Kilele hicho cha ufyonzaji kikisogea kuelekea 530 na zaidi, chembe zimekua. Mkia wa mchoro ukiinuka baada ya 600, zimeanza kushikamana. Kipimo hicho huchukua dakika mbili, na sampuli isiyokipita haistahili kupelekwa kwenye hadubini. Usijiaminishe pia kwa kipimo cha mtawanyiko wa mwanga pekee, maana nguvu ya mwanga unaotawanywa huongezeka kwa kipeo cha sita cha kipenyo, na marundo machache yanaweza kuficha maelfu ya chembe nzuri.

Fahamu pia jinsi saa unazolipia zinavyokwisha. Sehemu kubwa ya saa ya kwanza hupotea katika kusubiri ombwe litulie na katika kupanga miali, na umeme ukikatika huanza upya, hata jenereta ikiwaka mara moja. Anayefika na gridi mbili alizozichagua vyema huondoka na picha za kutosha kupima chembe 200 au 300 kutoka sehemu mbalimbali za gridi. Anayefika na kumi huondoka na picha tatu za kila moja, naye hana takwimu. Omba faili asilia zenye kipimo ndani yake, kwa sababu picha iliyonakiliwa ili iwekwe kwenye tasnifu haiwezi kupimwa upya kwa uhakika.

kisima_96

Ninafanya kazi na mitambo ya kujiendesha, kwa hiyo huenda ukatarajia nitetee roboti. Naitetea, lakini si kwa kazi uliyoitaja.

Mwaka wa 2020 kikundi cha Chuo Kikuu cha Liverpool kilieleza roboti iliyotembea ndani ya maabara na kufanya majaribio 688 katika siku nane. Wengi huikumbuka idadi hiyo tu. Jambo lililoiwezesha ni kwamba roboti yenyewe ilipima hidrojeni iliyotoka katika kila chupa, na programu ikatumia jibu hilo kuchagua jaribio lililofuata. Kwako, roboti itajaza visima 96 asubuhi, kisha mtasubiri hadubini wiki tatu. Mzunguko unakatikia kwenye kipimo, na mkono ulio mwepesi zaidi utaongeza foleni tu.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwaka wa 2023 maabara ya kujiendesha ya Lawrence Berkeley nchini Marekani ilitangaza kwamba imetengeneza misombo 41 kati ya 58 iliyolengwa, katika siku 17. Wanakemia wengine walipochunguza data ya miale ya eksi walipinga upya wa misombo hiyo, wakieleza kwamba uchanganuzi wa kompyuta haukutosha kuitofautisha na ile iliyokwisha kujulikana. Mikono ya mashine ilifanya kazi yake. Mabishano yote yalihusu usomaji wa kipimo.

Zaidi ya hayo, njia ya Turkevich inataka maji yanayochemka na kukorogwa kwa nguvu, na sahani ya visima 96 haiwezi kukupa hali hiyo. Mahali roboti ingekufaa ni hatua inayofuata, utakapobandika kingamwili, protini inayonasa sumu, kwenye dhahabu. Hapo utahitaji kujaribu viwango vingi vya kingamwili na vya pH kwa pamoja, kisha kutia chumvi ya kawaida katika kila kisima: palipo na kingamwili ya kutosha rangi hubaki nyekundu, na palipopungua hugeuka buluu papo hapo. Hata hivyo, pipeti ya njia nane hufanya kazi hiyo kwa asubuhi moja. Ningekuwa mimi, ningenunua pipeti hiyo na kutafuta mashine ya kusoma sahani, ile ile ya ELISA (kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili) ambayo huenda idara ya jirani inayo. Uliza tu kama ina kichujio karibu na 520 na kingine baada ya 600, kwa kuwa nyingi huja na vichujio vichache.

Kuhusu hadubini, usifungie macho milango ya nje. Vituo vitano vya nanosayansi vya Idara ya Nishati ya Marekani, mfano Molecular Foundry, hupokea maombi kutoka nchi mbalimbali na havitozi ada kwa utafiti ambao matokeo yake yatachapishwa.

maji_ya_moto

Nina jambo moja dogo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Makala inayosema tu "chemsha" haikuwa na nyuzi hizo akilini, kwa hivyo andika joto ulilolipima kila mara. Pia kagua sitreti yenyewe, kwa maana tangu kazi ya mtafiti Frens ya mwaka wa 1973 inajulikana kwamba uwiano wa sitreti kwa dhahabu ndio unaoamua ukubwa: sitreti ikipungua, chembe hukua. Na chupa zioshwe kwa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki kwa uwiano wa 3 kwa 1, ndani ya chumba cha kuvutia hewa, glavu zikiwa mkononi.

chembe_nyekundu

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma ujumbe wa mwisho nilirudi kwenye rafu na kushika makopo mawili ya sitreti. La kwanza, lililokwisha mwezi Februari, halikuwa na maji ndani ya fuwele, na uzito wake wa moli ni gramu 258. Jipya lina molekuli mbili za maji, na uzito wake ni gramu 294. Mimi niliendelea kupima gramu zile zile, maana yake ni kwamba tangu Machi nimekuwa nikitia sitreti pungufu kwa takriban asilimia 12. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika "sitreti" tu, bila aina wala nambari ya kopo.

Jana nilirudia kwa kipimo kilichosahihishwa, kipimajoto kikiwa ndani ya chupa muda wote. Maji yalichemka kwenye nyuzi 94.5 na kilele kikatokea kwenye 519, na leo asubuhi nilirudia tena nikapata 520. Msimamizi wangu amekubali roboti isubiri, na kesho nitaizungumzia mashine ya ELISA na watu wa ghorofa ya chini. Nafasi yangu ya hadubini ni Alhamisi ya wiki ijayo, nami nitakwenda na gridi mbili.