Mrejesho: milima ya Vosges kwa baiskeli, nimepanda Schlucht

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mtu mzito kama mimi anaweza kupanda Col de la Schlucht (njia ya kuvukia milima, mita 1,139 juu ya bahari) kwa baiskeli, akitokea Gérardmer, Ufaransa. Inawezekana! Uliyenishauri nifunge friwili (gia za gurudumu la nyuma) yenye gia kubwa ya meno 34 ili kupanda kuwe kwepesi, Mungu akubariki: nimepita ziwa Longemer na Retournemer, nikakata msitu hadi juu bila kushuka kusukuma.

Gazeti nililoweka kifuani wakati wa kuteremkia mji wa Munster, upande wa pili, nalo lilizuia baridi, ila wino wote umehamia kwenye fulana.

Mlima Grand Ballon (mita 1,424), hukohuko Vosges, umenishinda. Kule juu ukungu ulitanda, upepo wa ubavuni ukanipepesua kama mlevi, nikageuza. Wikendi anzeni alfajiri, baadaye pikipiki zinajaa. Asanteni sana.