Mhadhiri asiyeivana na wenzake anyimwe cheo?

Mtoa mada: Kuna wanaotaka stadi za kijamii ziingie kwenye vigezo vya kupandisha vyeo vyuoni, eti asiyejua kuongea na wenzake huondoka na ujuzi wake kichwani. Napinga. Anayebania data hakosi adabu. Cheo kinahesabu machapisho, na anayetangulia kuchapisha ndiye anayehesabiwa. Badilisheni hesabu hiyo kwanza.

Mchangiaji wa 1: Nusu kweli. Mtafiti Connelly na wenzake, mwaka 2012, waligawa ubaniaji wa maarifa mafungu matatu: kukwepa (“nitakutumia kesho”), kujifanya hujui, na kutoa sababu ya kukataa (“washiriki waliahidiwa usiri”). Hilo la tatu linaweza kuwa halali kabisa. Ila angalieni la kwanza: anayelimudu vizuri ni yule mcheshi, anayekunyima ukaondoka unamshukuru. Vigezo vyenu vitampandisha huyo.

Mchangiaji wa 2: Mnazungumzia wanaokataa tu. Wengi hutoa, na bado ujuzi haufiki. Mtu anapewa faili la data lenye watu 100. Kwenye safu ya umri, 10 wameandikiwa 99, yaani hawakujibu. Hakuna aliyemwambia, naye anakokotoa wastani. Waliojibu wana wastani wa miaka 30. Yeye anapata 36.9. Aliyetoa hakuficha kitu, kwake 99 ni jambo la kila siku. Aliyepokea aliona aibu kuuliza swali “la kitoto” mbele ya profesa. Stadi iliyokosekana hapo ni ya kuuliza, na ya kumfanya mwenzako asiogope kuuliza. Hiyo hufundishika.

Kukabidhi kozi ni vilevile. Slaidi, mitihani na mwongozo wa usahihishaji vinatumwa kwa dakika tano. Kisichotumwa ni sababu. Ukiuliza “kuna cha kuongeza?” utajibiwa “hapana, vyote vimo.” Uliza swali lipi la mtihani liliondolewa na kwa nini, wanafunzi hukwama wiki ya ngapi, zoezi lipi humaliza muda. Fanyeni mazungumzo hayo kabla muhula haujaanza, mtoaji na mpokeaji tu. Mkuu wa idara akiwepo, hakuna atakayetaja kilichoharibika.

Mtoa mada: Hapo nakubali. Lakini hayo ni mafunzo, si kigezo cha cheo. Ukimpima mtu kwa “ushirikiano” unapima nani anapendwa kwenye vikao. Kama lazima kipimwe kitu, kipimwe kilichokabidhiwa: data yenye maelezo ya kila safu na kila msimbo (kama ile 99), kozi ambayo mpokeaji ameweza kuifundisha bila kupiga simu kila wiki. Mpokeaji ajaze fomu.

Mchangiaji wa 1: Na mpokeaji akiwa mhadhiri msaidizi ambaye tasnifu yake inasimamiwa na huyohuyo mtoaji, ataandika kwamba alikabidhiwa folda tupu?