Panzer IV iliyotelekezwa: nivue rangi ya zamani au nipake juu yake?

Brashi_Kavu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kuhusu mfano wa kifaru cha Kijerumani, Panzer IV Ausf. H (yaani toleo la H), wa kipimo cha 1/35, ambao binamu yangu aliuacha nusunusu alipokwenda masomoni na sasa umekuwa wangu pamoja na sanduku lake. Bodi na mnara vimekwisha kuungwa, lakini rangi ya manjano iliyopakwa kwa brashi ni nene kiasi kwamba vichwa vya boliti vimefukiwa na mistari ya milango ya juu haionekani tena. Kwenye mtutu wa mzinga, mshono wa vipande viwili unaonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Minyororo ya mpira ilihifadhiwa ikiwa imegusana na magurudumu, na kila ilipogusa plastiki imeonekana kama imeyeyuka. Karatasi ya nembo za kubandika kwa maji nayo imegeuka rangi ya chai.

Ninayo brashi ya hewa na kompresa ndogo. Je, nipake juu ya rangi iliyopo, au niivue yote? Na nifanye nini ili kifaru kikimalizika kionekane kama chuma kilichopigwa jua na vumbi, wala si kitu cha kuchezea watoto?

Msasa_Laini

Mkuu, ivue. Rangi mpya haizibi makosa ya rangi ya zamani, bali huyafuata na kuyaongezea unene, na hizo boliti ulizozitaja hazitarudi kwa njia nyingine yoyote.

Kwanza tambua ni rangi ya aina gani. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya isopropili, ile kali kuliko zote utakayoipata, kisha sugua sehemu ya chini ya bodi ambayo haitaonekana. Ikiwa pamba inatoka na manjano, hiyo ni akriliki (rangi ya maji) na kazi yako ni nyepesi: loweka, subiri, sugua kwa mswaki wa zamani, rudia. Ikiwa pamba inatoka safi, basi yaelekea ni enameli (rangi ya mafuta), ambayo wengi huilainisha kwa mafuta ya breki kwenye chombo chenye mfuniko, wakiwa wamevaa glavu na madirisha yako wazi. Usithubutu kutumia thina ya magari wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu vyote viwili vinayeyusha polistirini yenyewe, yaani plastiki ya mfano, na utabaki na uji. Ukimaliza, osha kila kitu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa mabaki ya mafuta yatakataa praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi.

Kuhusu magurudumu, ugonjwa huo unajulikana. Minyororo ya vinaili ina kemikali za kuilainisha ambazo huhama polepole na kuila plastiki inayoigusa. Jaza mashimo kwa puti, piga msasa, kisha hakikisha kuna rangi kati ya gurudumu na mnyororo kabla ya kuvikutanisha tena. Mimi ningeitupa hiyo minyororo na kutafuta ya plastiki ngumu inayounganishwa pingili kwa pingili, maana pingili zinalegea juu ya magurudumu kama za kifaru halisi.

Fundi_Mtutu

Nakubaliana na mwenzangu kwa sehemu kubwa, isipokuwa mafuta ya breki. Kwa kifaru kilichokwisha kuungwa, mafuta hayo huingia ndani ya viungo na kujificha humo, na baadaye hujitokeza chini ya rangi mpya. Zaidi ya hayo, ni sumu, na siyo kitu cha kuacha mezani penye watoto. Kama ni enameli, ningepunguza unene wa zile sehemu pana, yaani pande za bodi na paa la mnara, kwa msasa wa maji namba 600 kisha 1000, na kuchokonoa rangi kwenye mistari ya milango kwa ncha ya sindano. Boliti zilizopotea zinaweza kukatwa kwa wembe kutoka kwenye plastiki iliyobaki ya fremu iliyoshikilia vipande sandukuni na kubandikwa upya. Ni kazi ya subira, lakini kifaru chenyewe kina urefu wa sentimita 20 hivi, mzinga ukiwemo, si meli.

Mshono wa mtutu usiupige msasa kwa kwenda na kurudi upande mmoja, kwani utaufanya kuwa bapa. Zungushia kipande chembamba cha msasa na kukivuta huku na huku, kama mtu anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa. Kisha pulizia praima ya kijivu. Praima ndiyo itakayokuambia ukweli, kwa sababu macho hayaoni mikwaruzo juu ya plastiki ya rangi mchanganyiko.

Manjano_ya_1943

Niongeze upande wa rangi, ambao naona ndio kiini cha swali. Tarehe 18 Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliamuru vifaru vitoke kiwandani vikiwa na manjano iliyofifia, na vikosi vikapewa makopo ya rangi nzito ya kijani na ya kahawia-nyekundu ili askari wenyewe wachore madoa kulingana na mazingira. Walizimua kwa maji au kwa petroli, kwa chochote kilichokuwepo. Ndiyo maana kwenye picha za wakati ule utaona mahali doa ni zito na mahali pengine limepauka hadi manjano inachungulia. Kwa hiyo, ndugu yangu, usilenge usawa. Rangi iliyo sawa kila mahali ndiyo inayofanya mfano uonekane wa kuchezea.

Kwa akriliki za kampuni ya Tamiya, manjano ni XF-60, kijani XF-61 na kahawia XF-64. Zimua nusu kwa nusu kwa X-20A, thina yao ya akriliki, pulizia kwa shinikizo la bar 1 hadi 1.4, kwa tabaka nyembamba sana. Baada ya manjano ya kwanza, ongeza matone ya nyeupe XF-2 na upulizie katikati ya kila bamba na sehemu za juu zinazopigwa na jua, ukiacha kingo za chini zibaki na rangi ya awali.

Kisha, hapa wengi huruka, weka vanishi inayong'aa, kwa mfano X-22. Nembo hushika vizuri juu ya uso laini, na zikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa hubaki na hewa chini yake, utaona weupe wa fedha pembeni. Karatasi ya nembo iliyogeuka rangi ibandike ndani ya kioo cha dirisha penye jua kwa siku kadhaa, kisha ipulizie vanishi ili isivunjike vipande ndani ya maji. Nembo zikikauka, zifunike tena kwa vanishi hiyohiyo. Juu yake, rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa sana iguswe kwa brashi nyembamba pembeni ya boliti na kwenye mistari. Itakimbia yenyewe na kukaa inapotakiwa.

Brashi_Kavu

Nawashukuru sana. Nimejaribu pamba na spiriti, imetoka na manjano, kwa hiyo ni akriliki na mjadala wa mafuta ya breki umejifunga wenyewe. Swali moja limebaki: nipo Dar es Salaam, na nimesikia kwamba vanishi isiyong'aa, ile ya kumalizia, hugeuka nyeupe ikipuliziwa wakati wa unyevu. Je, ni kweli?

Msasa_Laini

Ni kweli, hasa za kopo la kupulizia. Fanya kazi hiyo saa za mchana mvua ikiwa haijanyesha, weka kichujio cha maji kwenye bomba la kompresa, na jaribu kwanza juu ya kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi ileile. Kijiko kikipauka, ahirisha.