Kutua Tanga, Novemba 1914: luteni wa askari wa miguu alishindwa na nini?

Mkazi wa Pasua, Moshi
Wakuu, salaam. Kila nipitapo stesheni ya reli hapa Moshi nakumbuka kwamba ni kwa reli hii, katika Vita Kuu ya Kwanza, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck aliwawahisha askari wake Tanga, ambako Waingereza walikuwa wakiteremsha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Waliowakabili walikuwa kama 1,000 tu, nao wakashinda. Masimulizi mengi ni ya majenerali. Mimi nauliza habari za luteni wa kawaida wa upande wa Waingereza aliyetua na platuni yake Ras Kasone, pwani ya Tanga.

Kapteni Mstaafu, Arusha
Ndugu, nimeongoza platuni, ingawa sikuwahi kutua pwani chini ya risasi, kwa hiyo nisome kwa kiasi hicho. Kwa maoni yangu luteni huyo alishindwa kabla hajashuka. Askari wake walikuwa wamebanwa melini zaidi ya wiki mbili tangu Bombay, wengi wakitapika, na kamanda wao, Meja Jenerali Aitken, hakukubali wapumzishwe Mombasa. Asubuhi ya Novemba 2 manowari HMS Fox ilitangulia kuutaka mji usalimu amri, yaani adui alipigiwa hodi, na usiku ndipo watu walipoanza kuteremshwa kwenye mikoko, gizani. Mtu aliyetoka safari ndefu ya bahari hana miguu, ardhi humyumbia. Kulipopambazuka, akatakiwa asonge mbele kwenye kichaka asichokijua, huku akiona mgongo wa aliye mbele yake na basi. Vikosi vya Kihindi, Rajput wa 13 na Pioneer wa 61, waliosonga hivyo Novemba 3 walirudishwa nyuma, na maafisa wao kadhaa walianguka mapema, kwa kuwa afisa ndiye anayelazimika kuinuka ili aone.

Mdigo wa Ngaramtoni
Shikamoo afande. Naongeza habari ya mizinga. Ile ya chuma ilibaki melini, ikafyatuliwa kutoka sitahani bila kuona inakolenga. Iliyofanya kazi Novemba 4 ni ya nyuki, juu ya miti. Ilipochokozwa na risasi, nyuki waliwashukia askari hadi wengine wakatimua mbio. Baadaye ilivumishwa kwamba Wajerumani waliwatega, lakini nyuki hawakuuliza mtu ni wa upande gani.

Mkazi wa Pasua, Moshi
Kwa hiyo treni yetu ndiyo iliyoamua?

Kapteni Mstaafu, Arusha
Marahaba, Mdigo. Treni, na muda ambao Aitken aliutoa bure. Lettow-Vorbeck alifika usiku wa kuamkia tarehe 4 na kuukagua mji kwa baiskeli mpaka bandarini, ilhali Aitken alingoja jeshi lishuke, kisha akalisukuma vichakani jua likiwa utosini. Si haki kusema wote walikimbia: kikosi cha Waingereza cha North Lancashire na Wakashmiri kutoka India waliingia mjini, wakapigana mitaani. Tarehe 5 wakarudishwa melini, wakaacha bombomu (bunduki za rashasha) 16, risasi 600,000 na bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu, wakati askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zinazotoa moshi. Hapo ndipo namhurumia luteni yule: unamfundisha askari asiiache silaha yake hata msalani, halafu unapokea amri ya kuiacha ufukweni.