Chakula cha msaada kiwafikieje wenye ulemavu baada ya mafuriko?

Mjumbe wa mtaa, Ujiji
Ndugu zangu, salaam. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda, kaya nyingi za mtaa wetu zilihama na kuhifadhiwa na jamaa huku na huko. Unga, maharage na mafuta hugawiwa katika uwanja wa shule, na mwenye nguvu za kusimama foleni ndiye anayeondoka na mgao wake. Tunao wasioona, wasioweza kutembea, na viziwi ambao gari la matangazo hupita bila wao kujua. Naomba ushauri: tuwaandikishe vipi, na chakula kiwafikie kwa njia gani?

Mkazi wa Gungu
Mjumbe, anzeni na orodha, kwa kuwa asiyeandikwa hapewi. Mnapopita nyumba kwa nyumba, msiulize kama kuna mlemavu, maana wengine watamficha na wazee wengi hawajihesabu hivyo. Ulizeni kama kuna anayepata shida ya kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, au kuelewana na wenzake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu mkubwa. Orodha ya mtaa mzima yenye majina mawili matatu inaonyesha kuwa kuna nyumba hamkubisha hodi.

Kisha kila mhusika amchague mwenyewe mtu wa kumpokelea, na jina hilo liandikwe kwenye kadi yake. Nalisisitiza hili kwa sababu mgao unaweza kusainiwa kwa jina la mtu na usiingie chunguni kwake. Nauli ya bodaboda nayo ilipwe na wagawaji. Kiwango kinachotumika kupanga mgao wa dharura ni wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kilo moja ya unga wa mahindi ina takriban 3,600. Anayemlipa mbebaji kilo moja ya unga amepoteza chakula chake cha zaidi ya siku moja na nusu.

Mama mlezi, Kibirizi
Nakubaliana na ndugu wa Gungu, ila chakula chenyewe nacho kitazamwe. Mwanangu ana mtindio wa ubongo na hawezi kutafuna. Maharage huchukua saa nyingi na kuni nyingi, nami siwezi kumwacha peke yake nikatafute kuni. Kaya kama yangu ipewe unga wa lishe wa uji, na mafuta ya mawese ya kuongezea nguvu.

Mwalimu mstaafu, Kasulu
Mjumbe, msiwatengee siku yao, kwani watakuta mabaki. Wahudumiwe kwanza, siku ileile, penye kivuli, hasa kwa ajili ya wenye ualbino, na asiyeona ashikishwe mzigo wake unapopimwa. Hii ni haki yao: Ibara ya 11 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inaitaka nchi kuwalinda wakati wa maafa. Waketi pia katika kamati ya ugawaji, wakiwa na sauti ya kuamua.

Mjumbe wa mtaa, Ujiji
Nawashukuru sana. Tutaanza upya uandikishaji, tukiwa na kiziwi mmoja na mama mmoja asiyeona miongoni mwa waandikishaji. Mama wa Kibirizi, je, unga huo wa uji ni afadhali ufungwe katika mifuko midogo ili mlezi aubebe akiwa na mtoto mgongoni?