Naomba ushauri: kuunganisha jengo la kisasa na nyumba ya kale ya matofali

Wakuu, habari zenu. Nina nyumba ya zamani ya ghorofa, matofali ya kuchoma, imebanana na majirani kushoto na kulia, na inalindwa kama jengo la kihistoria. Mbele siruhusiwi kugusa, wala sitaki. Nyuma nataka kuongeza jiko na sebule, fremu za chuma na vioo vikubwa, ionekane wazi kuwa ni ya leo. Kuiga matofali ya kale naona ni kudanganya macho.

Kinachoniumiza kichwa ni maungio. Ukuta wa nyuma umejengwa kwa chokaa. Ukiukwaruza kwa ufunguo, unga unamwagika. Fundi anataka achomeke nondo humo na kuziba kila kitu kwa saruji. Mhandisi hataki kusikia: msingi wa zamani umeshatulia, mpya utashuka kidogo, vikifungwa pamoja ukuta utapasuka. Tena saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Unabaki ndani ya tofali mpaka uso wake unabanduka. Yeye anasema majengo yaachane kidogo, nafasi izibwe kwa kitu kinachonyumbulika, juu ikingwe kwa bati.

Mimi niko upande wa mhandisi. Ila waliojenga hivyo, mvua haipenyi pale baada ya miaka kadhaa? Na msingi mpya mliupeleka kina gani? Nikichimba chini kuliko wa zamani, na ukuta wa jirani naye uko hatarini. Mwenye picha za maungio yake atanisaidia sana.