Naomba ushauri: kuhakiki 2^61 − 1 kwenye lahajedwali

Salaam wanahisabati. Chama cha hisabati hapa Likoni, Mombasa, kinahakiki nambari tasa kubwa kwa jaribio la Lucas-Lehmer. 2^31 − 1, yaani 2147483647, ambayo mwanahisabati Euler aliithibitisha mwaka 1772, imekubali: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 2147483647 ushike baki. Rudia hivyo; mara ya 29 baki ni 0, ishara kwamba ni tasa.

Mtego uko hatua ya tano. Ya nne hutoa 1416317954, ambayo kipeo chake cha pili kina tarakimu 19, na lahajedwali hushika 15 tu. Baki huharibika kimyakimya, bila onyo lolote. Dawa ni kugawa s, yaani baki ya hatua iliyotangulia, kwa 65536: gawio ni a, baki ni b. Kisha tafuta baki ya 2a² + 131072ab + b² − 2, maana 65536², yaani 2^32, huacha baki 2. Hatua ya 28 lazima itoe 65536 au 2147418111, la sivyo kuna kosa nyuma.

Sasa vijana wanaitaka 2^61 − 1, hatua 59. Hii haienei hata kwenye seli moja! Nafikiria vipande vitatu vya biti (tarakimu za 0 na 1) 21, kwa kuwa 2^63 huacha baki 4.

Je, kubeba kati ya vipande kurudiwe mara ngapi kila hatua? Na ile 2 itolewe wapi ili kipande cha chini kisiwe hasi? Aliyewahi kupanga safu hizi anisaidie fomula, tafadhali.